Mkono Mbovu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Jumamosi saa kumi imeshaifunga barabara ya Masoko,
nasi tumeshaufunga mlango wa karakana ya Lugano,
redio zilizokufa tumezirundika pembeni,
meza tumeifuta mafuta kwa gazeti,
karata tumegawa.

Hizi si za kopa na shupaza.
Pakiti moja aliileta shemeji yake Lugano;
nyingine tumezichora wenyewe juu ya makasha ya chai,
tukazikata kwa wembe.
Yumo Joka la Ziwa Ngozi, nguvu tisa.
Yumo Mlinzi wa Daraja: hapigani, ila hapitiki.
Wamo Askari wa Ukungu, wengi, wa bei rahisi.
Na yumo wangu, kona yake imeliwa na panya,
Mama Muuza Viazi, nguvu moja.
Hujua jambo moja, tena mara moja tu:
humchagua mtu mmoja mezani,
na katika mzunguko huo mtu huyo hapigwi.

Wawili wakicheza, hesabu ni nyepesi:
ukiumia wewe, nimepata mimi.
Wanne ni habari nyingine.
Nikimaliza askari wangu kumwangusha Tuntufye
nimemlimia Subilaga shamba bure,
naye hata asante hasemi,
anapuliza chai yake, ananitazama
kama anayepapasa boga kujua limeiva.

Kwa hiyo nimejifunza udogo.
Siku za kazi mimi ni karani wa mizani,
nimeona mawe ndani ya magunia ya chai,
nimeona majani yaliyonyweshwa maji yaongeze kilo.
Hapa mezani nafanya kinyume:
najipunja mwenyewe.
"Mkono wangu leo mbovu, jamani,"
nasema, na Joka limenibana vidoleni.

Tuntufye ana miaka kumi na minne, hajui kuficha.
Mzunguko wa tatu ameshalimwaga jeshi lake lote,
amesimama kwenye kiti, anacheka.
Lugano akampiga. Subilaga akampiga.
Nami nikampiga kidogo,
kama mchango wa harusi ya jirani,
jina lisikose kwenye daftari.
Akabaki na uhai mmoja. Tukamsahau.

Wanasema tembo wakipigana nyasi huumia.
Sawa. Ila nyasi huota tena,
na sijaona tembo aliyeota.

Mimi na Lugano tulikuwa na mapatano:
tusigusane hadi mzunguko wa sita.
Wa sita ulipofika akakohoa, akasema, "Umefika,"
akaliua Joka langu kabla sijaliamsha.
Siwezi kumlaumu. Alihesabu vizuri kuliko mimi.

Nikabaki na Mama na viazi vyake.
Kushinda sikuweza tena;
ndipo ghafla wote wakanihitaji.
Lugano akaniahidi betri ya simu, mpya, kwenye boksi lake.
Subilaga hakuahidi kitu,
aliisogeza taa upande wangu
nione vizuri ninachotaka kufanya.
Mvua ilipiga bati, hatukusikizana.

Nikamlaza Mama mbele ya Tuntufye.

Wale wawili walikuwa wameshafungua kila kitu,
kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.
Wakaangukiana kama miti miwili shambani,
wakaniangukia na mimi,
na mtoto akabaki peke yake mezani,
uhai mmoja, mikono mitupu,
hajui ashangilie au aombe radhi.

"Kwa nini yeye?" Subilaga aliuliza tukivaa mabuti.
Nilisema sijui.
Nadhani ni kwa sababu ya kile kicheko cha kwenye kiti.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema, akaketi.
Akazipokea karata zake, akazitazama taratibu,
uso umetulia kama ziwa,
akazifunika kifuani.
"Mkono wangu leo mbovu, jamani,"
alisema Tuntufye.
Kwa sauti yangu.